Polepole si Istilahi: Uhakiki wa Lugha ya Mitambo ya Majengo

Makala haya yanahakiki jambo dogo kwa idadi ya maneno lakini zito kwa athari zake: namna Kiswahili kinavyoeleza badiliko lisilo la ghafla katika programu za kompyuta ziendeshazo mitambo ya majengo, yaani feni, pampu, vali, vilango vya hewa na taa. Kilichotusukuma kuandika ni rasimu ya tafsiri ya mwongozo mmoja wa mafundi wa jengo la ofisi, iliyoletwa mezani kwetu ili istilahi zake zisanifiwe. Mfasiri wake ni hodari. Sarufi yake haina doa, na kurasa nyingi zasomeka kana kwamba ziliandikwa kwa Kiswahili tangu mwanzo. Hata hivyo, kila mahali ambapo mwongozo wa asili ulitaja mojawapo ya njia tano za kubadili amri ya mtambo bila kuirusha, rasimu ilitumia neno lile lile, polepole; na pale mfasiri alipochoshwa na marudio, aliandika taratibu.

Wako watakaosema kwamba fundi mwenye akili ataelewa. Huenda. Lakini mwongozo wa mitambo hausomwi kama hadithi. Husomwa na mtu aliyesimama mbele ya sanduku la kidhibiti, kidole kikiwa juu ya kibonye, akitafuta tarakimu moja ya kuingiza. Kidhibiti hakimwulizi kama ataka upole. Chamwuliza sekunde ngapi, au asilimia ngapi kwa sekunde, au paskali ngapi kila baada ya dakika ngapi. Maswali hayo ni mbalimbali, na polepole halijibu hata moja.

Yafaa ieleweke kwamba haja ya maneno haya haikuwapo sikuzote. Mitambo mingi ya zamani ilidhibitiwa kwa hewa iliyoshindiliwa ikipita katika vibomba vyembamba. Hewa ilihitaji muda kujaa, na kilango kilifunguka kadiri ilivyojaa. Upole ulikuwa tabia ya chombo chenyewe. Hata leo mota nyingi za vali na za vilango vya hewa huchukua dakika moja na nusu au zaidi kutoka kufungwa kabisa hadi kufunguka kabisa, hivyo kwamba hata amri ya ghafla hutekelezwa bila ghafla. Lakini taa ya kisasa haina uzito huo. Kompyuta hupiga hesabu upya kila sekunde au chini ya hapo, na hesabu ikibadilika kutoka 0 hadi 100, amri nayo huruka papo hapo. Basi ule upole uliokuwa umo ndani ya chuma sasa hauna budi kuandikwa, na kuandikwa kwa tarakimu.

Programu yenyewe si ngumu. Katika kila mzunguko wa hesabu, kompyuta hutazama pengo lililopo baina ya tokeo la sasa na shabaha. Pengo likizidi kima kilichoruhusiwa kwa mzunguko mmoja, tokeo husogezwa kwa kima hicho tu. Likiwa dogo kuliko kima hicho, tokeo huwekwa sawa na shabaha na kazi ikaisha. Maneno mawili tuliyoyatumia hapa yataka maelezo mafupi. Rasimu ilisema lengo pale tuliposema shabaha; tumelikataa lengo kwa kuwa miongo mingi ya mipango na maazimio imelizoesha kumaanisha nia ya watu, ilhali shabaha bado ni kitu kinacholengwa kwa macho na kupigwa au kukoswa. Kuhusu tokeo, udhaifu wake ni wingi: mwalimu yeyote akisikia matokeo hukumbuka mitihani. Tumelivumilia kwa sababu katika sentensi za kiufundi hukaa karibu daima katika umoja, na kwa sababu mwenziwe, ingizo, amekwisha kubalika.

Sasa turudi kwenye polepole. Neno hili hueleza mwendo kwa kuulinganisha na matarajio ya msemaji. Dereva wa basi aendaye kilomita 60 kwa saa ataambiwa aenda polepole, na mwendesha baiskeli aendaye 30 ataambiwa atajiua. Ni neno zuri la kuonya na la kubembeleza. Halina kipimo ndani yake. Taratibu lina hila zaidi. Limetoka Kiarabu likiwa na maana ya mpango, na Kiswahili kimelipa kazi mbili: ile ya upole, kama mtu anapoambiwa ashuke ngazi taratibu, na ile ya kanuni zinazofuatwa, kama taratibu za ofisi. Kichwa kimoja katika rasimu kilisomeka Mabadiliko ya Taratibu ya Pampu. Mtumishi wa serikali akikisoma hatadhani hata kidogo kwamba habari ni ya maji. Atatafuta waraka uliobadilisha kanuni. Na hatua kwa hatua, ambalo mfasiri alilitumia mara chache, hubeba wazo la vituo: mguu unakanyaga, unatua, ndipo unanyanyuka tena. Badiliko lisilo na vituo haliwezi kuitwa hivyo.

Ajabu ni kwamba lugha yetu ya kila siku hupambanua mambo haya vizuri kuliko rasimu. Anayesema haba na haba anataja kiasi kinachoongezwa kila mara na kunyamaza kuhusu saa. Anayesema usikawie anataja saa na kunyamaza kuhusu kiasi. Mpishi hamwambii mwanawe atie tui polepole. Humwambia atie kidogo kidogo huku akikoroga, na mtoto huelewa kwamba kinachodhibitiwa ni kipimo cha kila mmimino. Upambanuzi umo katika lugha. Kazi yetu ni kuuingiza katika istilahi.

Tuanze na taa, kwa kuwa hapo ndipo kanuni za kimataifa zenyewe zimepambanua wazi kabisa. Kanuni za mawasiliano ya mitambo ya majengo ziitwazo BACnet zilitolewa mara ya kwanza mwaka 1995 na ASHRAE, chama cha wahandisi wa Marekani wa mitambo ya joto na baridi, na mwaka 2003 zikawa pia kanuni za shirika la viwango la ulimwengu, ISO. Katika matoleo yake ya karibuni, taa inayoweza kupandishwa na kushushwa mwanga hupewa amri za namna tatu zisizo za ghafla. Ya kwanza huitaka ifike kwenye shabaha kwa muda uliotajwa. Ya pili huitaka ifike kwa kasi iliyotajwa, kwa asilimia kwa sekunde. Ya tatu huitaka ipande au ishuke kwa kima kimoja kilichotajwa, kisha itulie. Kila moja ina tarakimu yake na kizio chake, na hakuna inayoweza kuazima tarakimu ya mwenziwe.

Chukua taa iliyo kwenye asilimia 20, na shabaha ni 100. Fundi mmoja ameandika muda wa sekunde 4. Mwingine ameandika kasi ya asilimia 20 kwa sekunde. Taa zote mbili zitafika pamoja, na mkaguzi aliyesimama chini yake hataona tofauti yoyote. Kesho yake taa zote zipo kwenye 80. Ya kwanza itachukua sekunde zile zile 4, ikisogea asilimia 5 tu kila sekunde. Ya pili itafika kwa sekunde 1. Katika chumba kidogo jambo hili ni la kuchekesha. Katika ukumbi wenye safu kumi za taa, ambazo kila moja imeanzia pake, safu zilizopewa muda zitafika pamoja na zilizopewa kasi zitafika kila moja kwa wakati wake, na watu watainua macho kutazama kuna nini. Mwongozo wa asili ulichagua muda kwa ukumbi na kasi kwa korido, kwa makusudi. Rasimu ilisema polepole kote kuwili. Makusudi yale yamepotea, na hakuna fundi awezaye kuyarudisha kwa kuisoma rasimu, hata akiwa na akili namna gani.

Kwa hiyo tunapendekeza mpito liwe jina la jumla la mwendo wa tokeo kutoka thamani moja hadi nyingine bila kuruka. Neno hili si geni. Kila aliyepata kusikia habari za serikali ya mpito analijua, na hata huko hubeba wazo la kutoka pale na kufika hapa katika muda fulani. Chini yake tuweke mpito wa muda, ambao muda wake umefungwa na kasi hufuata. Na mpito wa kasi, ambao kasi yake imefungwa na muda hufuata. Neno la pili katika kila jina ndilo litajalo kitu ambacho fundi atakiandika. Hiyo ndiyo kanuni tuliyoifuata hadi mwisho, na anayetaka kuzikataa istilahi zetu moja moja na azikatae, mradi azilinde na kanuni hii zile atakazoziweka mahali pake.

Mahali pamoja mfasiri alijaribu kutoka katika polepole, akaangukia kufifia, kwa kuwa neno la Kiingereza litumiwalo katika amri ya kwanza ya taa ni lile la rangi inayopauka na sauti inayopotea. Katika Kiingereza neno hilo lilipitia katika majumba ya sinema na michezo ya kuigiza likakubali kwenda pande zote mbili: picha hufifia ikaisha, na nyingine, kwa kauli yao, hufifia ikaja. Kiswahili hakijapitia njia hiyo. Kinachofifia kinakwenda kupotea, iwe ni nyota alfajiri au ni matumaini. Kumwambia fundi afifize taa hadi asilimia 100 ni kumwambia aizamishe mashua hadi juu. Neno hilo na libaki kwa mwanga unaoshuka tu, na hapo litumike bila haya.

Kabla ya kuiacha taa, kuna tanbihi moja. Vifaa vingi vya taa hupokea amri kwa njia iitwayo DALI, yenye vidato 254 vya mwanga, na vidato hivyo vimepangwa kwa jinsi jicho linavyohisi, si kwa jinsi kipimo cha mwanga kinavyosoma. Kidato cha 127, ambacho ni nusu ya safari, hutoa takriban asilimia 3 tu ya mwanga wote. Asilimia 50 haifikiwi mpaka kidato cha 229. Basi mwongozo usemapo asilimia 50, mfasiri hana budi kuuliza ni asilimia ya nini. Rasimu ilitumia neno kiwango kwa kidato, kwa asilimia, kwa kasi, na kwa kanuni za kimataifa zenyewe, mara nyingine yote manne katika ukurasa mmoja. Neno hilo limefanyizwa kazi mno. Tumeligawia kidato mzigo wake, kasi wake, na thamani wake, tukaliacha kiwango kwenye maana ya ubora uliokubaliwa.

Aina ya tatu twaiita mpito wa ngazi. Mfano wake bora hauko katika taa bali katika kanieneo ya hewa ndani ya mabomba ya feni kubwa. Mwaka 2018 ASHRAE ilitoa mwongozo wake namba 36, uliorudiwa mwaka 2021, unaoeleza jinsi ya kuipunguza kanieneo hiyo ili feni isile umeme bure. Kwa tarakimu za kuanzia zilizomo humo, kila baada ya dakika 2 shabaha ya kanieneo hupunguzwa kwa paskali 12. Wakati huo huo vyumba visivyopata hewa ya kutosha hupeleka maombi. Maombi yakizidi 2, kila ombi lililozidi huongeza paskali 15, lakini nyongeza yote kwa mara moja haivuki 32. Yakiwapo maombi 3, kwa hiyo, kanieneo hupanda kwa paskali 3 tu, yaani 15 kutoa 12. Yakiwa 4 hupanda 18. Na yakiwa 5 au hata 50, hupanda 20 basi.

Hapa upole hautokani na kasi iliyoandikwa mahali popote. Unatokana na vitu viwili, kima cha kila kidato na kipindi cha kungoja kabla ya kidato kijacho, na fundi huandika vyote viwili. Anayefasiri kwamba kanieneo hushuka polepole amemnyima vyote. Na jina la njia yenyewe katika mwongozo huo limejengwa kwa vitenzi viwili, kimoja cha kupunguza na kimoja cha kujibu. Rasimu ilisema punguza na ujibu. Sisi tunasema punguza na uitikie. Anayejibu amepewa swali. Anayeitikia amesikia sauti za wengi akazifuata, kama ngomani. Mtambo huu hausubiri swali: hupunguza, husikiliza, na wakilia wengi huitikia. Sidhani kuna lugha iliyo na kitenzi kinachoikalia kazi hii vizuri kuliko hicho.

Tumefika kwenye aina ya nne, ambayo ndiyo iliyotufanya tuirudishe rasimu badala ya kuisahihisha kimya kimya. Mwongozo wa asili, katika sura ya maji baridi ya kupoozea jengo, ulisema kwamba vali kubwa ifungwe kwa mpito, na pampu ya pili ianze baada ya kungoja. Rasimu ilisema vali ifungwe polepole na pampu ianze polepole. Haya ni mambo mawili yasiyo na undugu. Kungoja ni kukaa bila kufanya lolote hadi muda fulani upite, kisha kufanya lote kwa mara moja. Mpito ni kuanza sasa hivi na kufanya sehemu sehemu. Fundi aliyekwisha kuona kwamba kwa pampu polepole maana yake ni kungoja dakika 5 ana kila haki ya kuandika hivyo hivyo kwa vali.

Naye akiandika hivyo, maji hayatamsamehe. Maji yanayokimbia ndani ya bomba yana uzito na mwendo. Yakizuiwa ghafla, mwendo ule hugeuka kanieneo, na wimbi la kanieneo hiyo hukimbia ndani ya bomba kwa kiasi cha mita 1,200 kwa sekunde likigonga huku na huku. Mtaalamu wa Urusi, Joukowsky, alieleza hesabu yake mwaka 1898 baada ya majaribio katika mabomba ya maji ya Moscow, na hesabu hiyo ingali ikitumika: kwa maji yaliyokuwa yakienda mita 1 kwa sekunde, nyongeza ya kanieneo hukaribia bar 12, juu ya ile iliyokuwamo. Kinachoamua kama kishindo hicho kitakuja kwa ukamilifu wake ni muda ambao vali imeutumia kufunga, ukilinganishwa na muda wa wimbi kwenda na kurudi; katika bomba la mita 120, muda huo ni moja ya tano ya sekunde. Mota nzito huepusha hatari hii kwa wenyewe, lakini zipo vali zifungwazo kwa hewa au kwa springi ambazo hazina uzito huo. Vali ya namna hiyo iliyongoja dakika 5 kisha ikajifunga kwa mara moja huligonga bomba sawasawa na ile isiyongoja kabisa. Viungio hupasuka, nguzo za mabomba hung'oka, na maji hushuka ghorofa kwa ghorofa juu ya mafaili.

Kwa pampu na feni, kinyume chake, kungoja ndiko kunakotakiwa, na wasomaji wetu hawahitaji kusafiri kwenda mbali kuona kwa nini. Umeme ukikatika na kurudi, kila mota katika jengo hutaka kuanza wakati mmoja, na mota inayoanza kwa kuunganishwa moja kwa moja na umeme huvuta mara 6 hadi 8 ya mkondo wake wa kawaida. Jenereta iliyotosha vizuri kuendesha mota sita zikiwa katika mwendo haitoshi kuziamsha sita kwa pamoja. Dawa yake ni kuzipishanisha: ya kwanza ianze, ya pili ingoje sekunde 30, ya tatu sekunde 60, na kuendelea. Hakuna hata moja inayoanza polepole. Kila moja huanza kwa nguvu zake zote, ila kwa zamu.

Kwa maana hii ya kungoja, wenzetu wengine wamependekeza subira. Tumelikataa, kwa sababu subira ni sifa ya moyo, na anayesubiri aweza kukata tamaa, mashine haiwezi. Ucheleweshaji nao una lawama ndani yake, na mtumishi aliyewahi kuandikiwa barua ya kujieleza hatalipenda. Tumechagua kawio, kutokana na kitenzi kukawia, ambalo ni fupi na lakubali viambishi: kawio la kuanza, kawio la kuzima. Kitenzi hicho, kweli, nacho hutumiwa kulaumu, lakini nomino yake haijazoeleka kiasi cha kubeba lawama hiyo, na upungufu huo ndio uliotuvutia.

Aina ya tano tutaipitia upesi. Ni ile ambayo tokeo husogea kwa sehemu ya pengo lililosalia: likibaki pengo kubwa husogea sana, likibaki dogo husogea kidogo, wala halifiki kamili. Wahandisi huipima kwa muda ambao ndani yake asilimia 63 ya safari huwa imekwisha. Muda huo ukipita mara tatu, asilimia 95 huwa imekwisha. Hutumiwa zaidi kwa maingizo, kama vile kipima-joto kinachotikisika kila mlango ufunguliwapo. Tumeiita ulainishaji, si mpito, kwa kuwa lengo lake ni kuondoa mikwaruzo ya vipimo na wala si kufika mahali.

Imebaki kutaja kosa moja ambalo si la mfasiri. Vidhibiti-mwendo vya mota vina tarakimu moja ambayo Kiingereza huiita muda wa kuongeza mwendo, na rasimu imeifasiri hivyo hivyo, neno kwa neno. Msomaji wa makala haya sasa atadhani kwamba ni mpito wa muda. Sivyo. Tarakimu hiyo ni muda wa kutoka kusimama hadi mwendo wa juu kabisa, na kidhibiti huitumia kupata kasi moja isiyobadilika. Ukiandika sekunde 30 kwa mota yenye mwendo wa juu wa hezi 50, kutoka hezi 25 hadi 50 kutachukua sekunde 15. Jina ni la muda. Kitu ni mpito wa kasi. Jina la Kiingereza limekuwa likiwababaisha wanafunzi kwa miaka mingi, na hakuna sheria ya tafsiri inayotulazimisha kurithi babaiko hilo. Tumependekeza muda wa kufikia mwendo wa juu. Ni refu, lakini halimdanganyi mtu.

Tumekwisha kuletewa pingamizi kwamba mafundi wenyewe husema rampu, na kwamba istilahi za mezani huishia mezani. Wapingaji hutukumbusha ngamizi na tarakilishi, na jinsi kompyuta ilivyoendelea kutawala madukani na maofisini Tanzania bila kuomba ruhusa ya mtu. Pingamizi hili ni la haki. Hatuna vita na rampu. Kama fundi wa Dar es Salaam au wa Mombasa ataka kusema rampu ya muda na rampu ya kasi, kazi yetu itakuwa imekwisha, kwa sababu tuligombea neno la pili na wala si la kwanza. Tusilolikubali ni rampu peke yake, ambalo ni polepole lililovaa kofia ya kazi. Kadhalika tumeuacha mteremko, uliopendekezwa kwa kuwa vitabu vya hesabu huutumia; mteremko unaopanda utamchekesha mwanafunzi kabla hajaelewa.

Mahali ambapo mpito hautakiwi kabisa, mwongozo wa asili haukuwa na neno, na rasimu haikuwa nalo pia. Kengele ya moto ikilia, feni ya kutoa moshi haipandi, huruka. Katika BACnet amri zina daraja 16 za kutangulia, na mbili za kwanza zimewekewa usalama wa maisha, ili amri hizo zishinde nyingine zote. Lakini kuishinda amri nyingine si lazima kuishinda mipito: amri ya moto yaweza kutangulia na bado ikapitishwa katika kasi ile ile ya kila siku, kama mwandishi wa programu aliiweka kasi hiyo mwishoni mwa njia. Kwa hiyo yapasa kuwe na neno la kuandika kinyume chake, na tunatoa mruko. Fundi akiona mruko katika safu ya moto, ajue kwamba polepole ya aina yoyote imekatazwa hapo.

Tungependa rasimu hii ipewe sifa pale inapostahili. Kati ya amri za taa za BACnet kuna moja ya kuwaonya watu waliobaki ofisini usiku: taa hupepesa, kisha hubaki ikiwaka kwa muda uliowekwa ili watu watoke, ndipo huzimika. Kwa kule kupepesa mfasiri aliandika konyezo. Hatukuligusa. Kwa muda unaofuata aliandika muda wa kutokea, na hapo tulisita, maana aweza kuwapo atakayefahamu kwamba ni muda ambao jambo fulani hutokea. Tumeweka muda wa kuondoka. Nao, kwa hesabu ya makala haya, ni kawio na si mpito: taa haipungui hata chembe katika muda wote huo, na anayekusanya karatasi zake aziona vizuri hadi sekunde ya mwisho.